Mama Aliyetuambia Imefutika

Habari zilinifikia Jumanne asubuhi, kabla sijamaliza chai. Aliyepiga simu ni mwanamke ambaye kwa miaka minne amekuwa akifanya kazi katika ofisi ndogo ya kupiga chapa mjini Machakos, ile iliyo juu ya duka la viatu, na hakunizungusha. "Mzee, mama ametuacha," aliniambia. "Presha ilipanda jana. Tulimfikisha hospitali akiwa anaongea, lakini asubuhi hii hakuamka." Kwa mbali nikasikia sauti ya printa ikiendelea kutoa karatasi. Kulikuwa na mteja aliyekuwa akingoja kazi yake. Sijui kwa nini jambo hilo liliniuma kuliko habari yenyewe.

Wasomaji wa safu hii hawakumjua marehemu, ingawa maneno mengi mliyosoma hapa yalipita mikononi mwake. Kwa zaidi ya miaka kumi nilimpelekea makala zangu zikiwa zimeandikwa kwa kalamu, naye akazipiga chapa kabla hazijasafiri kwenda Nairobi. Nilipomfahamu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, alikuwa na taipureta moja na meza moja barazani, karibu na mahakama, akiwaandikia watu hati za kiapo na barua za kuomba kazi. Baadaye alinunua kompyuta, ikawa mbili, zikawa tatu. Zikaja disketi, zikapita, zikaja flashi, hivi vijiti vidogo ambavyo watu wanavitundika na funguo zao. Kila kilipokuja kifaa kipya alikitazama kwa wasiwasi wiki moja, kisha akajifunza kukitumia. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakuogopa kunirekebisha. "Hapa umerudia neno," angesema, "na hapa umedanganya kidogo." Mara nyingi alikuwa sahihi kwa yote mawili.

Lakini kilichowaleta watu kwake hakikuwa kasi ya vidole vyake. Ni kwamba alijua kufunga mdomo. Katika mji mdogo, mpiga chapa anajua nani anaachana na nani, nani ameshtaki ndugu yake kwa ajili ya shamba, na nani anatafuta kazi ilhali mwajiri wake anadhani ametulia. Marehemu aliipindua kila karatasi uso chini mara mteja mwingine alipoingia. Kazi ikishachukuliwa, aliifuta kwenye mashine mbele ya mwenyewe, ili mwenyewe aone. Siku moja nilimuuliza kwa mzaha barua gani ya ajabu kuliko zote aliyowahi kuiandika. Alinitazama mpaka nikaona haya. "Hizo si zangu," alisema, na akaendelea na kazi.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu ninayotaka kuyasimulia yana chanzo chake. Alikuwapo mwalimu mstaafu wa Matuu aliyekuwa akikusanya nyimbo za watoto, zile ambazo kina mama wa Kikamba waliwaimbia wachanga wao zamani. Alizunguka miaka mitatu akiziandika kwenye madaftari, na marehemu akampigia chapa zote, ukurasa baada ya ukurasa, zikahifadhiwa katika flashi moja ambayo mwalimu aliivaa shingoni kama msalaba. Madaftari yenyewe, kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha, yalikwenda kuwashia moto jikoni. Basi ikafika harusi ya binti yake. Mwalimu akataka kuweka picha, flashi ikamwambia imejaa. Akazifuta nyimbo zake kwa mkono wake mwenyewe, bila wasiwasi wowote, kwa sababu marehemu alikuwa amemwonyesha lile pipa dogo la takataka lililo kwenye uso wa kompyuta, akamweleza kwamba kitu kikifutwa huenda humo, na ukijuta unakirudisha. Picha za harusi zikaingia. Alipolifungua pipa, lilikuwa tupu.

Aliitwa fundi wa kompyuta, kijana mtaratibu aliyekuwa na karakana yake karibu na soko. Aliwaeleza kwamba pipa lile huhifadhi tu vitu vilivyofutwa kutoka ndani ya mashine yenyewe. Cha kwenye flashi kikifutwa, mashine hiyo haikibebi kwenda popote, kimekwenda. Angeweza pengine kukiokota kama flashi ingaliachwa bila kuguswa, lakini picha zilikuwa zimekwisha kukaa pale pale nyimbo zilipokuwa. Alifaulu kuokoa kurasa chache, nusu yake herufi zisizosomeka. Nilikuwapo mwalimu alipoletewa karatasi hizo. Alizitazama, akazikunja, akasema, "Basi, nitajaribu kukumbuka." Alikuwa amepita miaka sabini. Alikumbuka kiasi, kisha akaugua, na hakuna aliyeendelea.

Marehemu hakulala usingizi mzuri kwa muda mrefu baada ya hapo. Siku chache baadaye nilikuta karatasi ukutani, juu ya kompyuta zote tatu, kwa herufi kubwa: FLASHI HAINA PIPA. UKIFUTA, IMEKWISHA. Kila mteja aliyeingia na flashi alisomewa maneno hayo. Aliyasema kama mtu anayewaonya watoto wasisogelee jiko, na nadhani aliokoa kazi za watu wengi kwa onyo hilo. Ndilo onyo lililokuja kutuponza.

Mwaka uliofuata virusi vilichafua mashine zake. Kila flashi iliyotoka shule au ofisini ilikuja na ugonjwa wake, na wateja wakaanza kulalamika kwamba wanatoka kwake na mafaili yaliyoharibika. Yule yule fundi akamshauri aachane na mfumo wa kompyuta aliouzoea, naye angemwekea mwingine wa bure ambao virusi hivyo havikuuweza. Marehemu aliutazama kwa wasiwasi wiki moja, kama kawaida yake, kisha akaupenda. Barua ziliandikika, printa ilifanya kazi, virusi vilikwisha. Karatasi ya ukutani ikabaki palepale. Hakuna aliyefikiri kuibandua, kwa nini ibanduliwe?

Hapo ndipo anapoingia karani. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na minane hivi, mtulivu, mama wa mtoto mmoja, akifanya kazi katika kiwanda kimoja upande wa Athi River ambacho sitakitaja. Kazi yake ilikuwa kuandika mahudhurio ya wafanyakazi. Kiwandani humo mwanamume mmoja wa Masii, mwendesha mashine ya kukata mabati, alipoteza vidole vinne vya mkono wa kulia. Kifuniko cha kukinga mikono kilikuwa kimeondolewa kwenye mashine ile ili kazi iende haraka, na kila mtu pale ndani alilijua hilo. Ripoti iliyoandikwa ilisema mfanyakazi alikuwa mzembe. Karani ndiye aliyeamriwa kuipiga chapa.

Aliipiga, kwa sababu alikuwa na mtoto wa kulisha. Lakini kabla mambo hayajatulia aliiendea mashine kwa siri, akaipiga picha ikiwa wazi, bila kifuniko. Jumamosi moja alikuja Machakos, akaketi kwenye kompyuta ya mwisho karibu na dirisha, akamwandikia afisa wa kazi wa serikali barua ya kueleza ukweli. Hakutaka kuiacha barua hiyo kwenye mashine ya watu, hivyo aliiweka pamoja na picha kwenye flashi aliyokuwa nayo, ambayo ilikuwa ya kiwanda. Ndiyo hiyo hiyo aliyoitumia kumpelekea meneja mahudhurio kila Jumatatu.

Jumamosi hiyo nilikuwapo, nikingoja makala yangu. Marehemu aliniomba nimsomee msichana barua yake, kwa ruhusa yake, nimnyooshee sentensi. Niliinyoosha. Ilikuwa barua nzuri, fupi, isiyo na matusi. Ilichapishwa pamoja na picha, ikatiwa kwenye bahasha. Kisha karani akafuta kila kitu kwenye flashi, sisi tukitazama. Akakunja uso.

"Mama, hii flashi bado inasema imejaa."

"Ni mashine," marehemu alimjibu. "Inachelewa kuhesabu."

"Lakini uko na hakika imetoka? Hii kitu inaenda kwa meneja Jumatatu. Akiiona mimi nimeisha."

Marehemu alinyoosha kidole ukutani. "Soma hapo. Flashi haina pipa. Ikifutwa imefutwa, hata ukilia hairudi. Niulize mimi."

Karani akanigeukia, kwa kuwa nilikuwa mtu mzima na jina langu liko gazetini. Mimi nilijua kuhusu kompyuta kiasi kile ambacho mbuzi anajua kuhusu soko la ngozi. Nilimwambia, "Mama anajua kazi yake. Nenda kwa amani." Akaichomoa flashi, akaenda.

Jumatatu mchana alikuwa amefukuzwa kazi. Jumanne alisimama mlangoni pa ofisi ya chapa, nami nikiwa ndani na makala nyingine mkononi. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Mama, uliniambia imefutika."

"Ndiyo, mwanangu. Ilifutika."

"Meneja ameisoma. Amenionyesha. Na picha zote. Iko kwa folda ingine ndani ya flashi, hata haikuwa imefichwa. Folda imeandikwa takataka, kwa Kizungu."

Marehemu alitoa flashi yake mwenyewe kwenye mkoba, akaiweka kwenye mashine, akaandika sentensi moja, akaihifadhi, akaifuta. Hatukuona kitu. Kisha akateremka ngazi, sisi nyuma yake, mpaka duka la fotokopi la jirani, ambako walikuwa bado na mfumo wa zamani. Akamwomba mwenye duka aichomeke. Folda ikatokea, wazi kabisa, na ndani yake ile sentensi. Fundi alitueleza baadaye, akiwa ameinamisha kichwa, kwamba mfumo wa bure hutengeneza pipa ndani ya flashi yenyewe na kulificha. Kinachofutwa huhamia humo na kuendelea kula nafasi mpaka mtu alimwage pipa. Kwenye mfumo uliolitengeneza halionekani, lakini ukiipeleka flashi kwenye mashine ya aina nyingine, ule ufichaji haufanyi kazi, na pipa huonekana kama folda nyingine yoyote. Yeye alilijua hilo. Hakufikiri kuwa ni jambo la kumwambia mama wa kupiga chapa.

"Aiya," alisema marehemu polepole pale dukani, macho yake kwenye kioo cha kompyuta. Alisema neno hilo moja tu.

Madhara hayakuishia kwa karani. Barua ilifika kwa afisa wa kazi kama ilivyokusudiwa, na baada ya siku kadhaa afisa akaenda kukagua. Lakini meneja alikuwa ameisoma kabla yake. Mashine ilikutwa na kifuniko chake, rangi bado inang'aa. Picha zikaelezwa kuwa za wakati mashine ilipokuwa ikitengenezwa. Wenzake waliokuwa wameahidi kusema ukweli walimwona karani akitolewa langoni na mfuko wake wa plastiki, wakapoteza kumbukumbu wote kwa siku moja. Ripoti ya uzembe ikasimama. Yule mwanamume akarudi Masii na mkono wake uliofungwa bendeji, na kiwanda kikaendelea kukata mabati.

Marehemu angeweza kusema ni mashine. Angeweza kusema ni fundi, na angekuwa na haki. Nilimwambia hivyo, nikidhani namfariji. Alinijibu, "Mashine haikumwambia aende kwa amani." Mimi ndiye niliyesema maneno hayo, si yeye. Sijui kama alisahau au alikuwa akinikumbusha. Siku hiyo hiyo alibandua karatasi ukutani, akampa karani kiti na kazi, na Jumamosi akanitaka nimsindikize Masii.

Tulimkuta mwenye nyumba ameketi nje akipukuchua mahindi kwa mkono wa kushoto, akiyashikilia kwa magoti. Mkewe alitutolea viti. Marehemu hakukaa. Alijitambulisha, akaeleza kila kitu tangu mwanzo, flashi, pipa, karatasi ya ukutani, bila kumtaja fundi na bila kunitaja mimi. "Msichana alijaribu kukusaidia," alimalizia. "Mimi ndiye niliharibu. Nilisema kitu nilikuwa sijui kama vile najua. Nimekuja nikwambie mwenyewe."

Mwanamume aliendelea na mahindi yake. "Hiyo maneno ya kompyuta mimi sielewi, mwaitu," alisema mwishowe, akimwita mama kwa Kikamba, kwa heshima. "Lakini nimesikia umekuja."

Mkewe alielewa zaidi. "Kwa hivyo hao watu wa kiwanda wangepatikana na makosa?" aliuliza.

"Pengine wangepatikana."

"Pengine," mwanamke alirudia. "Wewe unarudi nyumbani kwako na mikono miwili. Sisi tunabaki na pengine. Mvua ikinyesha, huyu atashika jembe na nini?"

Marehemu alisimama pale pale akapokea kila neno. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nilikuwa na ulimi, na hoja zangu huwa haziishi katika ukurasa huu, lakini siku ile sikupata hata neno moja. Tuliaga, tukaondoka, na hatukulizungumza tena jambo hilo kamwe. Nilidhani limeishia hapo.

Tulimzika Jumamosi iliyopita, nyumbani kwao kwenye miteremko ya vilima vya Iveti. Watu walikuwa wengi: mawakili aliowaandikia viapo, mapadri na wachungaji, wanafunzi wa zamani ambao barua zao za kwanza za kazi zilitoka kwenye mashine yake. Karani, yule yule aliyenipigia simu, alisoma wasifu wa marehemu aliokuwa ameupiga chapa mwenyewe, akaufikisha mwisho bila kulia, kisha akaenda nyuma ya nyumba. Wakati wa chakula mwanamke mmoja aliketi karibu nami. Sikumtambua mpaka nilipomwona mumewe upande wa pili, akipokea sahani kwa mkono wa kushoto.

"Alikuwa anakuja," aliniambia bila kuulizwa. "Ile mvua ya kwanza tulisikia hodi asubuhi mapema, tukamkuta amesimama na jembe lake, na gumboti. Mimi nilimfukuza. Akaingia tu shambani akaanza kwa ule mwisho mwingine. Alipanda mistari yake, mahindi na kunde, akaenda bila kunywa hata maji. Msimu uliofuata akarudi. Tangu hapo kila mvua, siku mbili, tatu. Mwaka jana nilimwambia, mama, umezeeka, hata vidole vyako vimevimba, wacha sasa tumekusamehe. Akasema, 'Najua mmenisamehe. Lakini mbegu haijapandwa.'"

Alikula kidogo, kisha akanitazama vizuri. "Na wewe nakukumbuka. Ulikuja na yeye siku ile. Ulikuwa nani wake?"

Hapo ndipo nilipopewa nafasi ya pili, safi, mbele ya sahani ya githeri, na hakuna meneja wala afisa aliyekuwa akisikiliza.

"Mteja," nilimjibu.

Nimeiandika makala hii mara tatu, na kila mara nimejaribu kuikomesha pale, kwa sababu pale nabaki mtazamaji na mtazamaji hana lawama. Lakini ukweli ni kwamba msichana yule alituuliza watu wawili kama tuna hakika. Mmoja wetu aliamini karatasi iliyokuwa kweli mwaka mmoja na uongo mwaka uliofuata. Mwingine hakuwa na hata karatasi, alitaka tu kuonekana anajua. Yule wa kwanza alibandua karatasi yake na kwenda kulima. Wa pili aliendelea kuwaandikia wasomaji kila wiki, akiwashauri kuhusu uongozi, malezi na uaminifu.

Vifaa hivi vipya vitazidi kuingia maishani mwetu, na vitajua mambo yetu ambayo hatukuwaambia mama zetu. Wengi wetu hatutaweza kufahamu vinafanya nini ndani kwa ndani. Hilo si aibu. Mtu anapokuuliza kama una hakika, anakukabidhi mkate wake na wa mtoto wake, na kama hujajaribu mwenyewe, jibu la heshima ni kumwambia hujui. Ukiwa umekwisha kusema, na mtu akaumia, nenda nyumbani kwake ukamwambie ni wewe, kisha uliza kazi gani imebaki pale ambayo mikono yako inaiweza. Sikulisoma hilo popote. Nimelijifunza kwa mama mmoja mpiga chapa, na nimechelewa miaka minne.

Juzi nilinunua jembe. Muuza duka aliniuliza kama najua kulima, nikamwambia ukweli, kwamba sijui vizuri. Wazee wanasema mvua iko karibu. Itakaponyesha nitakwenda Masii, niseme mlangoni yale ambayo sikuyasema, na kama watanifukuza, nitaanzia ule mwisho mwingine wa shamba.